Tundu la Watu na Tundu Lake

Wa kwanza kuziba masikio alikuwa mwanamke mwenye gauni la kijani, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni staili mpya ya kucheza. Nikasema moyoni, watu hawaishiwi mambo. Mwenzake naye akaziba. Mhudumu akaweka sinia chini, akaziba. Ndipo masikio yangu, ambayo siku hiyo hayakuwa na haraka, yakaniletea habari: gitaa la mume wangu lilikuwa likitoka kwenye spika kubwa kama msumari unaokwangua bati.

Ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi umejaa, na siri yangu imeanikwa mbele ya watu.

Kwenye bendi mume wangu walimwita Nyuzi. Mimi niliingia bendini kama mke, nikabaki kama fundi. Fundi mitambo alipoondoka waliniomba nikae kwenye mikisa, ile meza ya vitufe vya sauti, “kwa leo tu,” na hiyo leo imenipinda mgongo mpaka leo. Shule niliishia darasa la saba, lakini vitufe havikuniuliza cheti.

Mambo yalianzia kwenye birika. Tulikuwa na birika la filimbi, likichemka linapiga kelele mpaka jirani anaulizia chai. Siku moja nilirudi nyumbani nikalikuta limepiga filimbi mpaka limekauka, limebadilika rangi, na Nyuzi amekaa kando yake anasoma gazeti.

“Husikii?”

“Nisikie nini?”

Nikazima jiko, nikaliepua birika. Lakini toka hapo nikaanza kuelewa kwa nini kila wiki alizidisha ukali wa gitaa. “Hizi spika zimekufa,” alikuwa akisema. Nilimwambia akapimwe, akajibu wapimwe wanaopiga makelele. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga. Hawakusema mke wake afanyeje.

Kiongozi wa bendi akaja kuninong'oneza. “Mama, gitaa la mzee linachoma. Watu wanalalamika. Kuna mpigaji mwingine nimeshaongea naye.”

“Mbona hujamwambia mwenyewe?”

“Nimemwambia, mama. Kaniitikia asante.”

Tungecheka, lakini hakuna aliyecheka. Nilimjua mume wangu. Ukimwondolea gitaa, unakuwa umebakiza koti tu kwenye kiti.

Mikisa yetu nayo ilikuwa kikongwe mwenzangu. Vitufe vyake vya kupunguza ukali vilishakufa. Uliweza kumpandisha mtu sauti au kumshusha, basi. Kwa hiyo nikakigeukia kile kisanduku cha efekti alichokikanyaga jukwaani. Gitaa linaingia upande mmoja, humo ndani linavishwa sauti ya kila namna, kisha linatokea nyuma kwa matundu mawili, la kushoto na la kulia. Kwa kawaida yote mawili hutoa kitu kilekile. Mchana mmoja Nyuzi amelala, nilikaa chini nikakibonyeza na kukichokonoa mpaka nikayatenganisha. La kushoto nililipunguza makali, nikalipeleka kwenye mikisa, kwa watu. La kulia nikaliacha lenye wembe wake, nikalipeleka kwenye kispika kidogo nilichokisimamisha nyuma ya kisogo chake.

“Ah!” alisema Jumapili iliyofuata. “Spika zimefufuka!”

Kiongozi akanisogelea. “Mama, umemwambia nini?”

“Nimemwombea.”

Hivyo tukaishi. Yeye akisikia lake, watu wakisikia lao, na mimi katikati nikiwahi kufunga nyaya kabla mtu mwingine hajazigusa. Uongo ni mzito kuliko spika. Spika angalau ina magurudumu. Usiku nilijitupa kitandani miguu imevimba, naye ananisimulia jinsi gitaa lilivyoimba, nami naitikia, “Eeh, liliimba.”

Kisha kisanduku kikaanza kuganda katikati ya wimbo. Nyuzi akakipeleka mwenyewe dukani, wakakiunganisha na kompyuta, wakakitilia programu mpya. Jumapili hiyo tulifika tumechelewa, nafunga nyaya mbiombio, ndipo ananiambia kwa furaha, “Wamekiapdeti, bibie! Hakitaganda tena.” Nikafurahi naye. Nani aliniambia kwamba apdeti inaingia na ufagio? Ilifagia mipangilio yangu yote, kushoto na kulia yakawa kitu kimoja tena. Na Nyuzi, alipoona kispika chake kimepoa, akaongeza ukali hadi roho yake ikaridhika.

Basi ndiyo nikawa pale kwenye mikisa, watu wameziba masikio. Ningeweza kumshusha akapotea kabisa. Mkono ulikifikia kitufe chake. Ukagoma.

Hakusikia, lakini macho alikuwa nayo. Alimtazama mwenye gauni la kijani. Akamtazama Kiongozi, aliyeinamisha uso. Akageuka, akafuata ule waya wa kulia kwa macho, toka kisandukuni mpaka kwenye kispika chake, kisha ule wa kushoto, mpaka kwangu. Akaacha kupiga. Wenzake wakaendelea bila yeye, naye akashuka akaja mpaka mezani kwangu.

“Zamani ilikuwaje?”

Nikasogeza mdomo sikioni kwake. “La kushoto la watu. La kulia lako.”

“Tangu lini?”

“Tangu birika.”

Nikangoja anitukane, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba tusi lingekuwa mapumziko.

“Kumbe ndiyo maana nilikuwa napiga vizuri,” akasema. Kisha, “Panda ukanitengenezee la watu. Yote mawili.”

“Na wewe utasikia nini?”

“Nitatazama miguu yao.”

Nikapanda jukwaani, nikapiga magoti mbele yake, magoti yakalalamika kuliko wateja. Watu wakadhani namwomba mume msamaha, wakapiga makofi. Nikabonyeza, nikalainisha. Akaanza kupiga, kidevu kimeinama, macho yake chini kwenye viatu vya watu, na miguu ikarudi kucheza, wa gauni la kijani naye.

Alipiga hivyo mpaka alipoiaga bendi kwa mdomo wake mwenyewe. Yule mpigaji mwingine alisubiri sana.

Sasa mwenyewe hayupo. Kisanduku ninacho chumbani, nimekirudishia matundu yake mawili kama nilivyoyatenga. Binti yangu akikiwasha ananiambia, “Mama, hiki kinataka kuapdetiwa.” Namjibu hata mimi nataka, ila hakuna anayenipeleka dukani.

Juzi nilibandika birika la filimbi jikoni, kisha nikavaa hedifoni, nikachukua gitaa, nikagusa uzi. Kushoto, lile la watu, lilinong'ona kama mtu aliyejifunika blanketi. Nikageuza hedifoni, nikidhani ni sikio langu moja. Blanketi likahamia sikio la pili. Ila lile lake, lile lililowafanya watu wazibe masikio, lilikuwa safi, tamu, halina hata mwiba. Nikakaa nalo mpaka vidole vikauma.

Nilipokwenda jikoni, birika lilikuwa limekauka.