Msamaha Sebuleni kwa Ezati

Asubuhi ya Idi nilivaa kanzu ya rafiki yangu Yugu, iliyoniishia katikati ya miundi, nikatoka Arua kwenda Koboko kuomba msamaha. Mimi ni Mkatoliki. Lakini bwenini nimeshaomba msamaha mara kumi na moja, zote kwa maandishi, kwa hiyo kazi hiyo naijua.

Wa kuombwa alikuwa Ezati, wakala aliyempeleka dada yangu Nadine kufanya kazi za nyumbani Muscat. Mkataba wake uliisha kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, ila bila neno la Ezati bibi mwenye nyumba hamrudishii pasipoti. Mama, anayeuza vitenge Vurra mpakani, alimwendea mara tano. Mara nne aliambiwa angoje Idi ipite. Mara ya tano aliambiwa Nadine mwenyewe ameomba kubaki, maana kule anafuturu vizuri.

Nadine hafuturu. Anapika. Mwezi mzima husimama jikoni tangu adhuhuri, apikie watu kumi na wanne, na vyombo vya daku vikiisha kuoshwa kumekucha. Siku ya Idi bibi humwazima simu dakika kumi awasalimie wa kwao. Dakika hizo ndizo nilizozipeleka Koboko.

Siku hiyo huko hakuna mgeni anayefukuzwa. Watu huingia, hushikana mikono, kila mmoja humwomba mwenzake radhi ya mwaka mzima, kisha huletwa nyama. Kwa Ezati walijaa wazee waliostaafu jeshi, akiwemo Mogga, babu yake Yugu. Nikapiga magoti kwa unyenyekevu ambao ungemliza mkuu wa shule yetu.

"Mzee Ezati, nisamehe. Mwaka mzima nimekuita mwongo."

Akacheka, akasema yameisha. Simu yangu ilipolia nikaipokea, nikaiweka mezani, kando ya sinia, sauti juu kabisa, nikasema dada naye, yule anayesemwa ameomba kubaki, anamwomba Mzee Ezati msamaha.

"Mzee Ezati," Nadine alisema, "nisamehe kwa kukusumbua. Lakini mimi sikuomba kubaki. Hata siku moja. Nataka kurudi kwetu."

Wazee wakaacha kutafuna. Ezati akanyoosha mkono aizime simu, Mogga akaudaka.

"Leo iko Idi. Mutoto anakuomba msamaha. Wewe iko na jibu gani?"

Ezati akaanza habari za taratibu na mihuri. Mogga, bila kumwachia mkono, akamwambia Nadine ampe bibi simu. Ezati ikambidi aseme kwa Kiarabu kwamba msichana arudishwe kwao, na wazee wale wote wanakijua tangu kambini, hivyo hakupata pa kuchomeka uongo. Bibi akajibu kwa ukali. Mogga akanifasiria: anamuuliza Ezati mbona ni yeye aliyemwambia kwamba msichana ameomba kuongezewa miaka miwili.

Ezati akakiri. Bibi akasema pasipoti Nadine atapewa leo, na Jumapili atapanda ndege. Nyuma yake tulimsikia dada akilia.

Ndipo Ezati akanigeukia, mkono mbele. "Na wewe kijana, nisamehe."

Nilikula nyama yake, vipande vitatu, kwa kuwa Mama amenilea vizuri. Mkono wake nikauacha hewani. Nilimwambia angoje Idi ipite.