Kibanio cha Juu ya Paa la Mama

Barua ya Kampuni, ile kubwa ya vifaa vya sola, ilifika Jumatatu asubuhi, na kufikia mchana mume wangu na kaka yangu walikuwa hawasemezani. Mtu mwingine angetarajia wagombane na Kampuni. Mimi nimeolewa na mmoja na nimezaliwa tumbo moja na mwingine, kwa hiyo sikutarajia kitu cha akili.

Mume wangu ni fundi wa mabati, watu humwita Nyundo. Kaka yangu ni fundi umeme, anaitwa Volti, jina alilojipa mwenyewe kisha akasubiri likolee. Wana karakana moja nyuma ya nyumba yetu, na kazi yao ni kufunga paneli za sola juu ya mapaa. Sifa yao ni kwamba hawatoboi bati. Wana kibanio, kipande cha chuma kilichokunjwa kikauma mgongo wa bati pande zote mbili, na ndani yake kuna mpira ili kisiteleze wala kukwaruza. Mvua inanyesha inavyotaka na ndani halidondoki tone. Mpira huo naukata mimi, kutoka kwenye tyubu kuukuu za matairi. Nimekata maelfu, mpaka vidole vimeota sugu. Na kwa kuwa natumia mkono wa kushoto na mkasi wa watu wa mkono wa kulia, kila kipande changu kina kona moja iliyokwenda mshazari. Haijawahi kumdhuru mtu.

Barua ilisema kibanio hicho ni mali ya Kampuni. Walikuwa wameandikisha hataza yake, yaani hati ya umiliki wa uvumbuzi, miaka mitatu nyuma, kwa hiyo yeyote mwingine anayekitengeneza ni mwizi. Tulitakiwa kuacha mara moja na kuvishusha vyote tulivyokwisha kufunga, paa kwa paa. Nilijaribu kuyahesabu mapaa hayo kichwani, nilipofika mia mbili nikaacha. Karakana ingefungwa, hilo halikuhitaji wakili wa kulieleza. Mume wangu hajui kazi nyingine, kaka yangu hajui kazi nyingine, na mimi nina mkasi.

Chini ya barua walieleza hasa wanachomiliki: "kifaa chochote kinachobana mgongo wa bati bila kulitoboa, kwa ajili ya kushikilia chombo chochote juu ya paa lolote." Nikasema moyoni, hawa watu wana uroho. Siku kunguru akitua vibaya watamshitaki na yeye.

Karani mmoja wa mahakama, mteja wetu, alituambia tuweke pingamizi Ofisi ya Hataza. "Mkionyesha kwamba kilikuwa kinatumika hadharani kabla yao, hataza yao inafutwa," alisema. "Elezeni tu nani alikianza, lini, na wapi."

"Mimi," alisema Nyundo.

"Mimi," alisema Volti, papo hapo.

Wakatazamana. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwauliza, na kila mmoja alikuwa amejilalia na jibu lake kwa raha zake. Sasa yalikuwa yametoka yote mawili kwa mpigo, na hakuna aliyekuwa tayari kulirudisha lake.

Tangu siku ile karakana iligawanywa kwa mstari wa chaki. Nyundo upande wa dirisha, Volti upande wa mlango, na mimi katikati na tyubu zangu.

"Mwambie kaka yako anipe koleo," anasema mume wangu, kaka yangu akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Mwambie mumeo koleo liko mfukoni mwake."

"Mwambie nimeliona."

Wakaandika mapingamizi mawili, katika bahasha mbili. La mume wangu liliipinga Kampuni ukurasa mmoja na kumpinga shemeji yake kurasa nne. La kaka yangu sikulisoma, lakini lilikuwa zito zaidi.

Nilikwenda kwa Mama kulia shida. Anaishi peke yake mtaa wa pili, tangu Baba alipofariki. Baba alikuwa fundi wa kila kilichoharibika: redio, baiskeli, majiko, vitasa. Alikuwa na mtindo wake mmoja. Kila alichokitengeneza alikikwaruza maandishi kwa ncha ya msumari: tarehe, mteja, na kazi aliyofanya. Alichoshwa na watu waliorudisha kitu baada ya miaka miwili wakiapa kwamba kilitengenezwa juzi. Mpaka leo ukiazima sufuria mtaani kwetu, igeuze, utasoma habari zake zote.

Mama alilifanya hilo kuwa kesi ya maisha. "Sufuria za wanawake wote wa mtaa huu zina maandishi ya mume wangu," husema. "Mimi sijawahi kupata hata barua ya mistari miwili."

Nilimweleza habari za Kampuni, za mstari wa chaki na za bahasha mbili. Alikuwa anashona kifungo. Hakuinua hata uso.

"Na kila mmoja anasema ni yeye?"

"Kila mmoja, Mama. Anaapa."

"Haya," alisema, akakata uzi kwa meno. "Waache waape."

Nilikasirika. Nilitaka awaite awafokee, awakalishe chini kama zamani, na yeye anashona kifungo. Niliondoka bila kumaliza chai.

Siku ya shauri tulikaa katika chumba kidogo chenye meza moja na feni iliyokuwa inalalamika. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Upande mmoja alikaa wakili wa Kampuni, viatu vinang'aa. Upande wa pili tulikaa sisi, yaani mume wangu, kiti kitupu, mimi, kiti kingine kitupu, kisha kaka yangu.

Wakili alifungua mchoro wa Kampuni na kuutandaza mezani. Alieleza chuma, akaeleza mikunjo, kisha akagusa mpira kwa kalamu. "Na hapa mtaona kona moja imekatwa mshazari. Wahandisi wetu wamefanya utafiti wa muda mrefu kuhusu kona hii. Inaharakisha kupita kwa maji."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Niliinua mkono wa kushoto. "Mheshimiwa, utafiti huo ni mimi na mkasi mbovu."

Afisa alinitazama juu ya miwani, akaandika kitu. Kisha akamgeukia mume wangu na kumuuliza alianza lini.

"Miaka mitano iliyopita," alisema Nyundo. Ingetosha kabisa. Mitano ni zaidi ya mitatu. Nilitaka kumbusu palepale.

"Sita," alisema Volti.

"Samahani, Mheshimiwa, nimekumbuka vizuri. Saba. Nilikuwa bado namchumbia huyu."

"Ulipokuwa unamchumbia ulikuwa hujui hata ngazi inaegeshwa upande gani! Minane, Mheshimiwa. Na nusu."

"Tisa!"

Kila mwaka ulipoongezeka wakili alizidi kuzama kitini. Watu wangu walikuwa wanaizika Kampuni bila hata kuitazama. Lakini wakili naye hakuwa mjinga. Alisimama akashika koti lake.

"Mheshimiwa, wakiachwa hivi watafika kabla bati halijavumbuliwa. Miaka hii wanaitunga hapa hapa. Kama kitu hiki kilikuwepo, kiko wapi?"

Afisa aliweka kalamu chini. "Swali zuri. Hicho cha kwanza kabisa kiko juu ya paa gani?"

Mume wangu akatazama feni. Kaka yangu akatazama viatu vyake. Hapo nikaingiwa na wasiwasi, kwa sababu nimewajua wote wawili muda mrefu, na huo haukuwa uso wa mtu mwenye ushahidi.

"Kwa mama mkwe," alisema Nyundo, kwa sauti ndogo.

"Kwa mama," alisema Volti, ndogo zaidi.

"Paa moja?" aliuliza afisa.

Wakaitika kwa vichwa, wote wawili. Afisa akafunga faili na kusema twende tukalione.

Tulimkuta Mama mlangoni, amevaa nguo ya kutokea, kama mtu aliyekuwa anatungoja wiki nzima. Afisa akamwamkia, "Shikamoo, Mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibuni, paa liko pale juu." Nyundo alileta ngazi yake. Volti alileta yake. Wakaziegesha ukutani, kila mmoja akisisitiza kwamba ya mwenzake ina kidato kibovu. Afisa alivua viatu akapanda ya Nyundo. Wakili, kwa kuogopa kuonewa, akapanda ya Volti na viatu vyake vinavyong'aa, akang'ang'ania ukingoni, nusu paani nusu ngazini.

"Naona paneli ndogo moja," afisa alisema kutoka juu. "Vibanio vinne. Viwili vimelegea."

"Vya shemeji hivyo," walisema wote wawili.

"Na huku nyuma kuna kingine kimoja, cha zamani sana. Kimeshika antena ya televisheni. Hakitikisiki hata kidogo." Akachungulia chini. "Nani kati yenu alikifunga hiki?"

Wanaume wangu wawili, wavumbuzi wa miaka tisa, wakaanza kukagua vidato vya ngazi. Hapo ndipo Mama alipofungua mdomo.

"Hakuna hata mmoja. Hicho ni cha baba yao." Alikuwa anaongea na afisa, lakini macho yalikuwa kwa wale wawili. "Fundi mmoja alikuja hapa akaipigilia antena yetu misumari. Mvua ya kwanza, maji yakashuka kitandani, tena upande wangu. Mzee akapanda, akang'oa, akaziba, akaapa kwamba bati hili halitatobolewa tena. Akakunja hicho kidude. Miaka ishirini na sita sijaona tone. Basi, hawa wawili walipokuja kunifungia sola, huyu alipanda asubuhi, yule akapanda mchana. Kazi ya dakika kumi, kila mmoja akakaa huko juu saa nzima. Na kila mmoja alishuka na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani."

"Mama!" alisema Volti. "Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnaulizana wenyewe kwa wenyewe, na mnajijibu wenyewe."

Mume wangu alijikuna kichwa kwa muda. "Shemeji," alisema, na lilikuwa neno lake la kwanza kwake moja kwa moja baada ya wiki saba. "Mimi nilidhani hakuna mwingine aliyekiona."

"Na mimi hivyo hivyo," alisema Volti. "Nilikuwa naomba Mungu usije ukapita upande ule wa paa."

"Mheshimiwa!" Wakili alipaza sauti kutoka ngazini. "Hiyo ni antena! Sisi tunazungumzia paneli za sola!"

"Ninyi mnazungumzia chombo chochote, juu ya paa lolote," alisema afisa. "Ni maneno yenu. Au antena si chombo?"

Wakili alifikiri. Si rahisi kufikiri ukiwa umeshika ukingo wa bati lenye jua. "Bado hatuna tarehe," alisema mwishowe. "Bibi anasema ishirini na sita. Mwanawe naye alisema minane na nusu. Ukoo huu una tatizo na miaka."

Afisa hakumjibu. Alikuwa ameinama, anasugua kutu kwa leso yake. "Kuna mpira humu ndani," alisema polepole. "Umekauka, lakini kona moja imekatwa mshazari."

Nikasogea mpaka chini ya ngazi. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alinipa mkasi na kipande cha tyubu, akaniambia nikate kama kiganja changu, wala sikuuliza cha nini. Nilipokileta kimepinda aliniambia kimepinda vizuri.

"Huo ni wangu," nilisema. "Huo nilikata mimi." Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani ananiona. Afisa akaandika, na safari hii nilimwona akiandika mpaka mwisho wa mstari.

"Na kuna maandishi," alisema. "Yamekwaruzwa, nadhani kwa msumari." Akasoma siku, mwezi na mwaka. Wakili aliitembeza midomo akihesabu, akafika ishirini na sita, akaanza kushuka ngazi taratibu bila kusema neno.

"Basi Kampuni haina hataza," alisema afisa. "Hukumu rasmi nitaiandika ofisini, lakini msishushe hata kibanio kimoja. Na ninyi mabwana wawili, hamna uvumbuzi wowote wa kudai. Kitu hiki ni cha yeyote anayetaka kukikunja."

Nilidhani wangesikitika. Wote wawili walishusha pumzi kama watu waliotuliwa mzigo, na Volti akatoa mfukoni mwake koleo la Nyundo, alilolichukua kwa siri wakati wa ugomvi, akamrudishia.

"Tarehe, mteja na kazi," alisema Mama. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mzee alikuwa anaandika vitatu. Umesoma tarehe tu."

Afisa aliinama tena. Alichukua muda mrefu kuliko yalivyohitaji maneno yenyewe.

"Kazi: antena," alisoma. "Mteja: mke wangu. Asinyeshewe tena."

Mama alisimama uani anatazama juu, mikono ameifumbata kifuani. Miaka ishirini na sita alikuwa amelala chini ya mistari hiyo, anamlaumu marehemu kila mwezi kwamba hajui kumwandikia.

Kisha akavua viatu.

"Nishikieni ngazi," alisema.

"Mama, wewe huwezi kupanda," nilisema. "Utaanguka. Afisa amekwisha kukusomea."

"Barua ni yangu," alisema Mama. "Nitaisoma mwenyewe."

Akaweka mguu kidato cha kwanza. Mume wangu akashika ngazi upande wa kulia, kaka yangu upande wa kushoto, na hakuna aliyekumbuka kuuliza ni ngazi ya nani.