Kokwa ya Mbodze

Mimi si mtu wa kugomba. Foleni ya zahanati naikalia tangu asubuhi bila kumnunia mtu. Lakini siku ile shuleni, hapa kwetu Kinondo, niligomba, na nikikumbuka nagomba tena.

Mjukuu wangu Mbodze haoni tangu kuzaliwa. Yuko darasa moja na Charo mwenye mkono mmoja, na wengine wanaochelewa kushika wanachofundishwa. Mwalimu wao ni madam Beryl, binti wa bara, mpole. Alipowafundisha kwamba picha nayo yataka mizani, hakuishia ubaoni. Alifunga vifuu viwili kwenye ncha za fimbo, akaining'iniza kwa uzi, akawaambia watie vitu huku na huku mpaka fimbo ilale sawa. Mbodze alikuwa akiipapasa kujua imeinamia wapi. Ndipo akagundua jambo lake: kokwa moja ya embe upande mmoja, mahindi kiganja tele upande wa pili, na fimbo imetulia. Alirudi nyumbani hana hadithi nyingine.

Kisha wakatengeneza leso za kadibodi, zitundikwe siku ya wazazi. Mbodze alibandika pindo la kamba kuzunguka ukingo. Katikati, penye mji wa leso, akaweka kokwa kushoto na mahindi kulia, yametawanyika kama ya kumwagia kuku. Alinifumbisha macho nipapase.

"Bibi," akaniambia, "na wageni nitawafumbisha hivi hivi."

Siku ikafika. Watu wa hoteli moja ya Diani, waliotoa rangi na gundi, waliketishwa mbele. Leso ya Mbodze ilikuwa ukutani, na jina lake chini yake. Ilipendeza, sikatai: mahindi huku, mahindi huku, punje zimepangwa kuwa maua mawili pacha na kupakwa rangi nyekundu. Nilidhani nimekosea kusoma jina.

Mwalimu Hesbon, naibu wa mkuu wa shule, akamwita mtoto aishike apigwe picha. Mbodze akapitisha vidole. Akarudia tena.

"Kokwa yangu iko wapi?"

Hesbon akacheka kidogo, akaeleza kwamba ile kazi ilikuwa imeenda upande, naye akainyoosha jana ili wageni waone watoto wamefundishwa. Akanigeukia. "Shosho, tulimsaidia tu. Na yeye hata haoni tofauti."

Haoni tofauti, na ndiye ameijua kabla yetu sote wenye macho! Nikasimama.

"Mwalimu, ungeng'oa kazi ya mtoto anayekutazama? Umeing'oa ya huyu kwa sababu hakutazami."

Akasema wageni wana haraka, hayo tutayazungumza ofisini. Nikamwambia ofisini siendi, kazi imeharibiwa na itatengenezwa papa hapa. Madam Beryl akatoka mlangoni. Nikadhani ametukimbia, kumbe amekwenda darasani. Alirudi na kokwa na kichupa cha gundi.

"Niliikuta kwenye pipa la taka asubuhi, nikanyamaza," alisema. "Nisamehe, Mbodze."

Mbodze akaipokea kokwa. Aliketi sakafuni, akang'oa yale maua punje kwa punje. Gundi ilikuwa imekauka, ikamuumiza kucha. Charo akaja kumshikia kadibodi isiteleze. Wageni wakangoja, Hesbon akitazama saa yake. Mtoto akabandika kokwa kushoto na mahindi kulia, akapapasa, akasogeza punje chache, akainuka.

"Sasa fumbeni macho, nipitishe."

Wageni wakafumba. Ilianza kupita mikononi mwao, na mzee mmoja akawa anaipapasa huku akitabasamu peke yake.

"Na mwalimu Hesbon amefumba?" Mbodze akauliza.

"Nimefumba," akajibu.

Nilikuwa namtazama usoni. Macho wazi, makavu.

"Mwalimu," nikamwambia mbele ya watu wote, "fumba."

Akanikodolea macho. Kungoja nakujua. Nikasimama pale pale mbele yake mpaka akafumba.