Upande wa Pili wa Meza

Mama mkwe wangu alipoingia kumpima mwanangu Anders kusoma, Tilda alikuwa amekwisha kumwaga uji juu ya ramani ya dunia, na Nels alikuwa amejifanya dubu chini ya meza, anang'ata viatu vya watu. Greta, mkubwa wao, alikuwa akifanya hesabu za kugawanya kwa sauti ya juu, makusudi, ili bibi yake asikie. Ndiyo shule yangu hiyo ya nyumbani: watoto wanne, meza moja, na mwalimu mwenye sufuria jikoni.

"Kumbe ndivyo mnavyosoma," alisema Arlene, akikung'uta theluji viatuni. Alikuwa amefundisha shule ya serikali hapa Wisconsin mpaka akazeeka. Hata mbwa wetu alikaa vizuri akimwona.

Mume wangu Duane na mama yake walikuwa wamekata shauri, nami nikaitikia kwa shingo upande: Anders ana miaka minane. Asiposoma leo mbele ya bibi yake, Jumatatu wakubwa wote wanapanda basi la shule, na shule yangu ndiyo imekwisha.

Jamani, nilikuwa nimejaribu! Ukimpa kitabu, anakigeuza juu chini. "Acha mchezo, Anders!" Nakiweka sawa, naye ananyamaza kama amemeza kufuli. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja kwa wote. Greta alikaa ubavuni kwangu, na Anders nilimhamishia upande wa pili wa meza tangu ana miaka mitano, maana ukiwaweka pamoja hao wawili wanafinyana mpaka damu itoke.

Arlene akamfungulia hadithi ya mbweha. "Haya, mjukuu wangu, nisomee."

Mkono wa Anders ukaenda kukigeuza kitabu. Nikamkata jicho. Mkono ukarudi.

"Sijui," akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

Nikawaona tayari dirishani mwa lile basi, nami nimebaki na Tilda na uji wake.

Arlene akashusha pumzi. Akazunguka meza, akaketi mkabala na mtoto, akavuta kitabu kwake. "Basi sikiliza mimi. Mbweha alisimama ukingoni..."

"...mwa mto ulioganda," akadakia Anders, huku anafuta kamasi, "akamwona bata mnene, akamwambia, shikamoo shangazi..."

"Umekariri wewe!" akasema Arlene.

"Sijakariri!"

Arlene akanyakua orodha ya mbegu iliyokuwa juu ya friji, akaifungua mbele yake mwenyewe. Kutoka upande wa pili Anders akateremka nayo kama anakunywa maji: "Nyanya za ngozi ngumu. Zinavumilia baridi. Usizipande karibu na viazi."

"Anasoma juu chini," alisema Greta, bila hata kuinua kichwa. "Siku zote. Kwani hamjui?"

"Ala! Mbona hukuniambia, wewe mtoto?"

"Hukuniuliza, mama."

Arlene alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nililia, sioni haya kusema. Kisha akampigia Duane simu kazini: "Mwanao anasoma. Wewe kwa umri wake ulikuwa unakula chaki." Akakata.

Mpaka leo, Anders mtu mzima mwenye ndevu, watu wakikumbuka siku ile wanakumbuka zile nyanya za ngozi ngumu. Mimi nakumbuka kilichofuata.

"Anders, njoo ukae na bibi," alisema Arlene, na mtoto akazunguka meza huku ananiangalia, kama anayevuka mpaka. Arlene akamwekea kitabu vilevile alivyozoea, juu chini. Kila alipofunua ukurasa, bibi yake alikizungusha kitabu kwa kidole, kidogo tu, huku anatazama theluji dirishani. Anders alisoma, shingo inapinda, inapinda, kisha ikaanza kunyooka. Mbweha alipompata bata, kitabu kilikuwa kimekaa sawa, na mtoto alikuwa bado anasoma.