Mnyororo wa Bariyeri

Kabla hajagusa nati hata moja, Kasika, fundi wa matairi, alisukuma jiwe mbele ya gurudumu la mbele, akasukuma jingine nyuma yake, akayagonga kwa kisigino mpaka yakakaa. Pale barabara ya kutoka Masisi inateremka kwenda Walikale bila kupumua, na matope ya mvua ya asubuhi yalikuwa bado mabichi. Kamiyo, lori la mizigo, ilikuwa imejaa: mbuzi kumi na wanne, magunia ya maharagwe, kreti za bia, na juu ya yote viti viwili vyenye mito myekundu vya kuwapokea wakubwa.

"Papa Kasika, unabembeleza mawe?" Polycarpe aliuliza kutoka kivulini. "Bakubwa banafika Walikale leo, hapana kesho."

"Kamiyo ikianza kutembea juu ya jeki, Chefu, haitafika Walikale. Itafika mu muto."

Wanawake waliouza ndizi kando ya barabara walicheka kidogo. Polycarpe alipowageukia, wakakumbuka ndizi zao.

Polycarpe alikuwa chefu, mkuu wa posti ya barabara. Mwaka wa uhuru, mzungu wa barabara alipokimbia, yeye alikuwa karani wake, akarithi meza, kofia na sauti. Sasa ulikuwa mwaka wa sitini na saba, na alikuwa amerithi hata namna ya kusimama, mikono nyuma, tumbo mbele. Kamiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Polycarpe aliikamata njiani, akasema ni kazi ya Leta, yaani ya Serikali, na maneno yakaishia hapo. Dereva, Nzanzu, alikuwa Munande, mtu wa huko huko Butembo, asiye na maneno mengi. Alishika spana, akangoja aambiwe.

Nyuma kulikuwa na matairi, mapine kama watu walivyosema, mawili kila upande; la nje la upande mmoja ndilo lililolala. Kasika alilifungua gurudumu lake, akang'oa valvu, akaacha upepo utoke wote, kisha akapitisha waya ndani ya tundu kuhakikisha hakuna uliobaki. Hapo tu ndipo alipoingiza vyuma viwili chini ya pete, ile pete ya chuma inayobana tairi kwenye rimu ya kamiyo, akaikwanyua polepole. Ndani ya tairi alikuta msumari mrefu kama kidole cha kati. Aliujua. Ulikuwa wa mbao za daraja, lile lililooza tangu mwaka juzi, posti ikiwa na kazi ya kulitengeneza. Akampelekea Polycarpe kwenye kiganja.

Polycarpe akatazama mlima.

Kasika akarudi kazini. Alitia kiraka, akazamisha mpira wa ndani kwenye beseni, akatafuta mapovu, hayakuwepo. Alisugua kutu ya pete kwa mchanga. Lakini pete ilikuwa imechoka. Upande mmoja ilikuwa imepinda, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo. Pete ya namna hiyo, tairi likitiwa upepo, inaweza kuruka na kumkata mtu vipande viwili. Kasika aliwahi kuona jambo hilo, huko Buleusa, na mpaka leo hapendi kulisimulia.

Dawa yake ilikuwa hatua hamsini juu ya pale alipochuchumaa. Alikuwa anaiona.

Bariyeri ya posti ilikuwa bomba zito la chuma lililolala barabarani, huku ukuta wa mwamba, huku genge la kutumbukia bondeni. Mwisho wake ulifungwa kwa mnyororo na kufuli. Mnyororo ule ulikuwa wa Kasika. Mzungu wa shamba la kwinini aliuacha alipokimbia. Alikuwa akiutumia kukokota magogo. Vestine, mke wa Kasika, ndiye aliyeubeba kutoka Ntoto siku nzima, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Alipoutua, alisimama ameinama muda mrefu, akasema, "Chuma hii haitakatika, hata tufe siye." Yeye alikufa mwaka wa waasi, katika dispanseri yenye mlango uliopakwa rangi na kabati lisilo na dawa.

Kwa miaka sita Kasika hakujaza tairi la kamiyo bila kuuzungusha mnyororo huo mara tatu kwenye rimu. Mara mbili pete iliruka. Mara mbili mnyororo uliikamata, ukalia, basi. Halafu, baada ya Pasaka, Polycarpe alimtuma Mbonigaba, mlinzi wa bariyeri, auchukue kwa kazi ya Leta. Kasika alienda kuomba karatasi ya kuonyesha kwamba ni mali yake. Aliiomba siku ya soko, mbele ya watu. Alilala kashoti, chumba cha mahabusu cha posti, siku tatu.

Sasa alijipangusa mikono kwenye suruali, akaenda kivulini.

"Chefu, naomba munyororo. Dakika makumi mbili tu. Nikimaliza kutia upepo, naurudisha na mikono yangu."

"Munyororo gani?"

"Ule wa bariyeri."

"Ule iko ya nani?"

Kati ya wauza ndizi alikuwapo Geneviève, dada yake Kasika. Aliacha kumenya.

"Siku ya soko ulisema iko yako," Polycarpe alisema. Alikuwa akichezea ufunguo uliofungwa kwenye mkanda wake. "Ulisema Leta iko mwizi. Sema tena. Iko ya nani?"

Kasika alitazama pete iliyolala kwenye majani.

"Iko ya Leta."

"Bamama hawasikie."

"Munyororo iko ya Leta."

"Ndiyo vile." Polycarpe alitabasamu, akawatazama wote mmoja mmoja. "Sasa muntu wa kushona mapine anatafuta nini na kitu ya Leta?"

Mbonigaba alicheka, kwa sababu alilazimika. Nzanzu alitazama viatu vyake.

"Basi niache nitie upepo chini ya kamiyo," Kasika alisema. "Pete ikiruka, kamiyo itaizuia."

"Ulale kule chini? Fanyia hapa, nikuone."

Kasika aliomba kamba za mbuzi. Alipewa mbili. Alizifunga kwenye rimu, akijua kamba ya mbuzi ni kamba ya mbuzi, akalisimamisha gurudumu, pete ikitazama mwamba badala ya watu. Akamwambia Nzanzu asimame nyuma, apige pampu taratibu, apumzike, apige tena. Yeye alikaa upande, akitazama.

Tairi lilijaa. Pete ilikaa sawa upande wa chini, ikakaa sawa kushoto. Kulia, pale ilipopinda, ilinyanyuka upana wa kidole.

Kasika aliinua mkono. "Acha, Nzanzu. Tunatoa upepo, tunaanza upya."

"Unaanza upya nini?" Polycarpe alitoka kivulini. Mawingu yalikuwa yanashuka juu ya vilima. "Kidole moja tu imebaki. Mbonigaba, kamata nyundo, rudisha ile chuma mahali yake."

"Chefu, mi sijue kazi hii."

"Nyundo inajulikana hata na mutoto."

"Hapana kupiga chuma yenye kushika upepo," Kasika alisema. "Mbonigaba, kaka, weka chini. Uko na batoto."

Mbonigaba alisimama kati ya gurudumu na mwamba, nyundo mkononi, akimtazama mmoja, akimtazama mwingine. Mmoja alikuwa na mawe na viraka. Mwingine alikuwa na kashoti.

Kasika aliinama, akanyoosha mkono afungue valvu.

"Piga," Polycarpe alisema.

Nyundo ilishuka. Waliposikia mlipuko, watu wa ng'ambo ya bonde walidhani waasi wamerudi. Wengine walikimbilia kwenye migomba. Mbuzi wawili waliruka kutoka garini. Mbonigaba alijikuta amekaa kwenye matope, mzima, nyundo bado imo mkononi. Pete ilikuwa imeupiga mwamba na kuacha alama nyeupe, lakini kabla ya mwamba ilipita kwa Kasika.

Alikuwa amelala chali. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado pale, lakini haukumsikiliza. Chini ya kiwiko kulikuwa na kitu ambacho hakutaka kukitazama. Geneviève alichana kitenge chake, akamfunga juu ya kiwiko, akakaza kwa meno.

Polycarpe alijipangusa tope kwenye shati. Akatazama saa. Ng'ambo ya bariyeri pikapu ya walima chai ilikuwa imesimama, ikielekea bondeni. Alikwenda mwenyewe kuifungulia, akaipitisha, akarudisha bomba, akafunga kufuli. Vile viti viwili vilihamishwa, pamoja na kreti sita. Mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya pikapu, Polycarpe alimwambia Mbonigaba:

"Mu rapori utaandika alikuwa amelewa."

Pikapu iliteremka. Hapo Nzanzu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alianza kutupa magunia ya Leta barabarani.

"Tushushe yote," alisema. "Kamiyo tupu itapanda na pine moja upande huu. Masisi kuko hospitali."

Waliwafungulia mbuzi. Wakampandisha Kasika, kichwa kwenye paja la dada yake. Nzanzu alishusha jeki, akaondoa mawe, akageuza kamiyo kwa shida kwenye ukingo, akapanda hatua hamsini.

"Fungua," alimwambia Mbonigaba.

"Ufunguo iko mu mukaba yake."

Nzanzu alizima injini. Upande huu mwamba, upande ule genge, katikati bomba la chuma. Mvua ilianza kudondoka, nzito, mojamoja. Mbonigaba alikuwa analia sasa, mtu mzima, na akilia alinyanyua ile ile nyundo, akaanza kuupiga mnyororo.

Kasika alisikiliza. Kila pigo lilipanda kupitia mbao za kamiyo mpaka kwenye meno yake. Alitaka kuwaambia wasijichoshe. Alijua kila pingili ya mnyororo ule, na hakuna hata moja iliyokuwa dhaifu.