Jina la Uvimbe wa Maroa

Maroa alidhani doa jeusi kwenye kisigino chake ni mwiba uliobaki ndani tangu msimu wa kupanda tumbaku. Lilipofura na kuanza kutoa damu, mkewe Nyasuguta alimlazimisha waende hospitali mjini Migori. Kipande kidogo kikakatwa, kikapelekwa maabara.

Siku ya majibu karani aliwapa bahasha wampelekee daktari. Nyasuguta aliifungua wakiwa bado kwenye benchi, akasoma herufi moja moja: melanoma.

"Baba Gisiri, tumepona," alisema. "Inaishia na oma."

Miaka sita iliyopita yeye mwenyewe alitolewa uvimbe kwenye titi. Uliitwa fibroadenoma, na muuguzi akamweleza kwamba oma ni uvimbe tu usio na ubaya. Wa kuogopwa ni kasinoma na sakoma. Maroa akacheka kidogo, akaegemea ukuta.

Daktari Lynnet aliisoma karatasi mara mbili. Alipoona nyuso zao, akauliza ni nani aliyewaambia ni habari njema. Nyasuguta akaeleza.

"Muuguzi hakukosea, mama. Majina mengi yanafuata utaratibu huo. Lakini machache ni ya zamani, yalizoeleka hivyo na hayakubadilishwa. Melanoma ni mojawapo. Hii ni saratani ya ngozi."

Nyasuguta alishindwa kumtazama mumewe. Ni yeye aliyemchekesha.

"Itachukua mguu?" Maroa aliuliza.

"Kisigino tutakata mpaka tufike nyama safi. Kwanza nione kama imepanda juu." Daktari akambonyeza kinena. Vidole vyake vilisimama mahali pamoja, vikakaa. "Hapa kuna tezi imevimba. Tutaitoa nayo, ipimwe."

Walimpasua kisigino wiki iliyofuata, wakaitoa na tezi. Nyumbani, wakisubiri majibu ya tezi, Maroa akidhani yuko peke yake alijipapasa kinena, upande mmoja kisha wa pili. Nyasuguta alimwona kupitia mlango wa jikoni, akarudi kwenye moto wake.

Walipopewa majibu, safari hii Nyasuguta hakuifungua bahasha. Alimkabidhi daktari ikiwa imefungwa vilevile.

"Tezi ni safi," daktari alisema.

"Wameipa jina gani?" Maroa aliuliza.

"Hawakuipa jina. Wameandika hawajaona saratani ndani yake."

Kila miezi mitatu Maroa hurudi Migori kupimwa. Asubuhi ya siku hizo hata uji hanywi, na Nyasuguta hamlazimishi tena.