Msiba Nyumbani kwa Gelasius

Mimi sina ugomvi na mtu mvivu. Mvivu unamjua, unampa kazi ndogo, maisha yanaendelea. Wanaonishinda ni watu wa aina ya Gelasius. Anakubali kila kitu, anakuita dada, anakuchekesha mpaka unasahau ulichompigia simu, halafu hafanyi hata kimoja.

Tulikuwa watatu kwenye kazi ya kundi ya somo la afya ya jamii, chuoni Richardson: mimi Clara, Gelasius wa Moshi, na Brandon, kijana wa hapa hapa Texas, mpole, asiyeweza kumwambia mtu hapana. Mada yetu ilikuwa usingizi wa watu wanaofanya kazi za zamu uwanja wa ndege. Mimi naandika utangulizi, Brandon anachora chati, Gelasius anawahoji wafanyakazi. Mahojiano tulimpa makusudi. Anaishi Euless, pua na mdomo na uwanja wa ndege, na apatimenti zao zimejaa watu wa zamu. Angefungua mlango tu, angepata wa kuhoji.

Hakufungua. Nikimpigia, "Dada Clara, hiyo imeisha, ondoa shaka." Nikimwambia atume, "Natuma sasa hivi." Sasa hivi yake inapitisha wiki. Mara babu yake kafariki, tukampa pole. Mara gari limeharibika. Mara babu kafariki tena. Nilipomuuliza ni babu yupi, akanijibu kwa huzuni kwamba kila mtu ana babu wawili, dada. Nikampa pole ya pili.

Nieleweni kwa nini nilikuwa sicheki. Mimi chuo kinanisomesha kwa sababu namsaidia profesa kusahihisha kazi za mwaka wa kwanza. Sharti lao ni kwamba nisishuke chini ya B. Muhula uliopita nilipata C moja nikapewa onyo. Nikipata nyingine nafungasha virago, narudi Morogoro na nusu digrii, nikamtazame mama yangu usoni aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe anasoma Marekani. Na hii kazi ya kundi ilibeba nusu ya alama za somo. Bila mahojiano hakukuwa na kazi yoyote ya kukabidhi.

Ijumaa, kazi ikitakiwa Jumapili jioni, simu ikalia ting. Meseji ya Gelasius: "Wapendwa, nimepata pigo. Shangazi yangu wa pekee, aliyenilea kama mama, ametutoka ghafla. Sitaweza mahojiano. Naombeni mnielewe."

Brandon akajibu palepale kwamba achukue muda wowote anaouhitaji, akaweka na moyo wa buluu. Mimi damu ilinichemka mpaka masikio yakawa moto. Nikatembea chumbani, nikarudi, nikakaa. Halafu nikaanza kucheka peke yangu.

Huyu bwana amezoea kufiwa mbele ya Wazungu. Mzungu ukimwambia umefiwa, anakupa pole, anakuachia nafasi uomboleze kimyakimya. Sisi nani anatuachia nafasi? Kwetu ukifiwa mlango hauna kitasa tena. Watu wanakuja.

Nikaingia kwenye grupu la Watanzania wa Dallas na viunga vyake, nikaandika kwa adabu zote: "Ndugu zangu, kwa masikitiko makubwa, mwenzetu Gelasius wa Euless amefiwa na shangazi yake wa pekee. Msiba uko nyumbani kwake. Hakuna michango ya fedha, ni kwenda kumfariji tu. Yuko peke yake, jamani." Fedha nilizikataza kwa sababu utani wangu una mpaka. Na moyoni nilikuwa safi kabisa: kama kweli kafiwa, nimetenda wema, na kama ni uongo, nimetenda wema mkubwa zaidi. Nikabonyeza.

Jumamosi nikaenda na mimi, ningekosaje? Maegesho yalijaa. Mlangoni viatu vimerundikana, mabuti ya kazi na sandali za kanisani. Sofa zilikuwa zimetolewa nje kwenye baraza, ndani mikeka. Jikoni alikuwa anatawala Mama Rogers, mwenyekiti wa akina mama wa Kitanzania, mwenye sauti inayosikika mpaka uwanja wa ndege. Jirani wa Kikongo, Godefroid, alikuwa amekuja na kwaya yake nzima ya kanisani, na walikuwa wameshaanza kuimba.

Katikati ya hayo yote, juu ya godoro, khanga mabegani, alikaa Gelasius. Alikuwa na uso wa mtu aliyegongwa na mlango.

Nikapiga magoti nikamkumbatia. "Pole sana, kaka. Jikaze."

"Ni wewe," akaninong'oneza. "Clara, waondoe hawa watu."

"Niwaondoeje? Wengine wametoka zamu hata hawajalala."

Godefroid akainama juu yetu, akamshika bega. "Ndugu, usilie sana, Mungu iko. Sisi tutakuimbia mpaka asubui."

Gelasius akafumba macho. Nikajua nimemweza, na raha niliyoisikia sitaificha. Hesabu yangu ilikuwa kwamba baada ya nyimbo tatu ataniita chemba, akiri, tukae tufanye kazi.

Lakini nilisahau kitu ambacho hata mtoto wa kwetu anakijua. Mfiwa hafanyi kazi. Nilipotoa laptopu tu, nikasema labda mimi na Gelasius tungejibana pembeni kidogo, Mama Rogers alinipokonya.

"We Clara, una roho ya namna gani? Mtoto kafiwa, unamletea mambo ya shule?"

Laptopu ikawekwa juu ya friji. Gelasius akaona. Nikamwona anavyoona. Rangi ya uso ikaanza kumrudia. Akaletewa supu. Akaletewa mto. Mama mmoja akamkanda miguu. Baadaye kidogo alikuwa ameegemea ukuta na paja la kuku mkononi, anashusha pumzi za huzuni kila baada ya tonge, na katikati ya pumzi mbili akanikonyeza. Alinikonyeza, jamani! Kwenye msiba wake mwenyewe!

Nilienda kujifungia bafuni. Huyu mtu alikuwa na kisingizio cha uongo, mimi nikamjengea cha kweli, nikakiwekea na kwaya. Nani sasa angemhoji nani? Akilini nilimwona mama yangu akinipokea na mabegi yangu, na nililia kweli, nikiwa nimekaa juu ya ukingo wa bafu.

Nilipotoka, mlango wa mbele ulikuwa unafunguliwa. Akaingia mama mnene wa kitenge cha njano, kabeba hotipoti, na rafiki zake wawili nyuma yake.

"Hodi wenye msiba!"

Paja la kuku likamdondoka Gelasius.

"Karibu, mama," Mama Rogers akasema. "Pole na safari. Mmetoka wapi?"

"Houston, Sharpstown. Tangazo limetufikia kwenye grupu letu kule. Nikasikia nimekufa, nikasema si vizuri kukosa."

Kwaya ikakatika. Godefroid peke yake aliendelea na besi yake kidogo, kisha naye akanyamaza.

"Mimi ndiye Ndeshi, shangazi yake. Hana mwingine." Akaweka hotipoti chini, akakaa mkekani, akajipangia kitenge vizuri. "Endeleeni, msisimame kwa ajili yangu. Wasifu wa marehemu umeshasomwa?"

Watu wakamgeukia Gelasius.

"Bado? Basi nimewahi. Gelasi, baba, simama unisomee."

Gelasius akasimama. Khanga ikamteleza begani. "Marehemu..." akaanza, "marehemu shangazi alikuwa mtu wa watu."

"Kweli kabisa," shangazi akasema. "Alifariki kwa nini?"

"Ghafla."

"Maskini. Na ulipotoka kwake Houston kuja chuo, alikuachia neno gani?"

Gelasius akatazama vidole vyake vya miguu. "Nisome."

"Hee! Na unasoma?"

Macho yake yakanitafuta, yananiomba. Mtu mwenye busara angenyamaza. Mdomo wangu haujaumbwa hivyo.

"Shangazi, shikamoo. Mimi niko naye kundi moja. Alitakiwa kuwahoji wafanyakazi wa zamu, hajamhoji hata mmoja. Kazi inatakiwa kesho jioni. Tukianguka, mimi chuo kinanifukuza."

"Marahaba, mwanangu." Akageuza shingo taratibu, akaitazama sebule nzima: makoti yenye mistari ya kung'aa, vitambulisho vya uwanja wa ndege shingoni, macho mekundu ya usingizi. "Na hawa wote ni watu gani?"

Hapo ndipo Mama Rogers alipolipuka. Kwamba ameomba ruhusa kazini! Kwamba ameamka kupika pilau la msiba wa mtu mzima wa afya! Angempiga Gelasius kwa mwiko kama Godefroid asingeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe tuliimbia mutu mwenye iko muzima!" Kicheko kikazunguka sebule, kikatoka mpaka kwenye baraza.

Shangazi akasubiri kitulie. "Mmekula?"

"Tumekula."

"Basi hakuna anayeondoka. Mmekuja kumfariji, mfarijini. Gelasi, ile kompyuta juu ya friji iteremshe."

Akawahoji. Shangazi alikaa ubavuni mwake, na kila alipotaka kunyoosha mgongo, alimtazama tu. Godefroid alisema analala vipande viwili, kimoja watoto wakiwa shuleni, kingine kwenye gari kabla ya zamu. Mama Rogers, bado kanuna, alisema hulala amekaa, maana akijilaza hasikii basi la shule la mwanawe. Baba mmoja mtu mzima alisema tangu Krismasi hajamkuta mkewe macho, akafuta uso kwa kofia. Gelasius hakumkatiza. Alimsogezea maji, akamuuliza kwa upole jina la mkewe, na yule baba akaendelea kusema.

Nilisimama pale nikimsikiliza. Mimi ningempa yule baba karatasi ajaze. Gelasius watu wanamfungukia, wanamwambia yaliyo moyoni. Alikuwa anaweza. Siku zote hizo alikuwa anaweza, na hilo liliniuma kuliko uongo wake wote.

Jumapili baada ya kanisa waliokosa wakaja nao, maana habari ilikwisha kuenea kwamba marehemu anapika. Brandon naye akaja, katinga suti nyeusi, na kadi kubwa ya pole. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Akamkabidhi shangazi kadi. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamwambia ndiyo, ilikuwa ghafla. Brandon alikula sahani tatu za pilau na kuchora chati zote pale pale mkekani.

Halafu shangazi akanigeukia mimi. "Na wewe uliyeniua Texas nzima, ulijua ni uongo?"

"Nilihisi, Shangazi."

"Ulihisi. Haya, masufuria yako jikoni."

Masufuria ya msiba si mchezo. Nilisugua mpaka kucha zikauma, huku saa ya kukabidhi inakaribia na mikono yangu imo kwenye povu, na maisha yangu yamo kwenye mikono ya Gelasius. Nilisali. Nikasugua, nikasali.

"Nimetuma!" akaita kutoka sebuleni.

Hilo neno nililijua. Nilikimbia na povu mpaka viwikoni, nikamsukuma, nikatazama kioo. Ilikuwa imetumwa kweli, yote, na majina yetu matatu juu. Nikakaa mkekani nikashindwa hata kumtukana.

Wiki iliyofuata profesa alirudisha kazi mbele ya darasa. Tulipata A. Nafasi yangu ilikuwa salama. Halafu akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyeandikwa kiongozi, nani alifanya mahojiano, maana miaka mingi hajasoma mahojiano ya mwanafunzi yaliyo hai namna ile.

Semeni nyinyi, ningejibu nini?

"Gelasius," nikasema.

Akasimama, mkono kifuani, kama bwana harusi. Darasa likapiga makofi. Safu ya nyuma kabisa alikaa mama wa kitenge, ambaye alikataa kurudi Houston mpaka muhula uishe, akisema aliyekwisha kuliliwa hana haraka, na alikuwa ameomba ruhusa ya profesa mwenyewe kuja kusikiliza. Alipiga kigelegele. Nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu, maana kilichokuwa moyoni kingetokea mdomoni. Nilitaka apate F, jamani. Nilitaka aumie hata kidogo, na alama yake ndiyo iliyonibakiza mimi hapa.

Tulipotoka, akanipiga bega kwa furaha ya kweli, bila hila yoyote, macho yanamng'aa.

"Tumeweza, dada!"

Nikageuka nimpe yote, tangu babu wa kwanza mpaka sufuria la mwisho. Nikamwona shangazi mlangoni, mkoba kwapani, ananitazama mimi.

"Tumeweza, kaka," nikasema.